Maji ya Kusuuzia Mashine Yafike Mwaloni

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, Suguti

Nakala: Maofisa Uvuvi wa kata zote za ziwani, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU), vikundi vya wavuvi vilivyokopeshwa boti na vinavyosubiri kukopeshwa

YAH: KUSUUZA MASHINE ZA BOTI NA HATIMA YA MIKOPO YA WAVUVI

Ndugu Mkurugenzi,

Naomba nianze na ombi lenyewe, maana najua barua zilizo mezani kwako ni nyingi. Tunaomba kila mwalo unaotambuliwa na halmashauri yetu uwe na mahali pa kusuuzia mashine za boti: simtanki au pipa la maji masafi, mpira wa maji, na vile vikombe vya mpira vinavyobana matundu ya mguu wa mashine. Tunaomba pia kikundi chochote kinachokopeshwa mashine kwa fedha za umma kisikabidhiwe mpaka nahodha wake ameonyeshwa kwa vitendo namna ya kuisuuza na kuibeba. Na mashine ya mtumba iliyotoka pwani isinunuliwe kwa fedha za mkopo kabla fundi hajaifungua na kuitazama ndani. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu za maombi hayo.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, mkazi wa Nyegina. Mashine zinazonifikia zinatoka kwetu hapa na katika kata za jirani, na nyingine huletwa kutoka visiwani. Pingamizi la kwanza nalijua, kwa sababu nalisikia karibu kila ninaposhika spana: ziwa letu ni maji baridi, chumvi iko pwani, kusuuza mashine ni kazi ya watu wa Mafia, Kilwa na Pemba. Anayesema hivyo amesema nusu ya ukweli. Chumvi hatuna, ni kweli. Lakini mashine haiuawi na chumvi peke yake, na baadhi ya mashine tunazozitumia huku zilianza kazi baharini na zimekuja na bahari tumboni.

Naomba nieleze kidogo namna mashine hizi zinavyofanya kazi, kwa faida ya wanaosaini mikopo bila kuwahi kuona kilicho chini ya kofia. Mashine ya boti haina rejeta. Inapozwa na maji yale yale ambayo boti inaelea juu yake. Chini, kwenye mguu, kuna matundu yenye kichujio. Juu yake kidogo, ndani ya kijumba chake, kuna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, linaloenea kiganjani. Linazungushwa na shafti ile ile inayopeleka nguvu kwenye propela. Impela inavuta maji, inayasukuma mpaka kwenye kichwa cha mashine, yanazunguka silinda, yanapita kwenye themostati, kilango kinachofunguka kwa joto, kisha yanashuka na kutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo inatokea kwenye tundu la pembeni. Ndio ule mchirizi ambao nahodha makini huutupia jicho mara tu mashine inapowaka. Kwa hiyo chochote kilichomo majini kinapita ndani ya mashine. Baharini ni chumvi. Kwetu ni mchanga, tope, mizizi ya magugu maji na nyuzi za nyavu zilizochakaa.

Nizungumze kwanza habari ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, kwa hiyo pipa la lita 200 lina kilo 7. Mashine inapozimwa ikiwa bado ya moto, maji machache yaliyosalia kwenye njia zake yanakauka na chumvi inabaki ukutani. Kesho tabaka jingine linakaa juu ya lile la jana. Njia inazidi kuwa nyembamba, themostati inaganda, na bolti za chuma zilizokazwa kwenye alumini zinashikana nayo kwa kutu kiasi kwamba hazifunguki bila kukatika. Ndiyo maana mvuvi wa pwani anayeijali mali yake, akishashusha samaki, huitia mashine kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi au huiunganisha na mpira wa bomba, akaiacha ingurume taratibu kwa dakika 10 hadi 15. Anafanya hivyo kila anaporudi, hata mahali ambapo maji baridi yenyewe ni ya kuhangaikia, kwa sababu anajua gharama ya kutofanya.

Wapo pia wasiojali, na mashine zao ndizo zinazowahi kuuzwa. Zinapigwa rangi mpya, kofia inang'arishwa, stika mpya inabandikwa, kisha zinapakiwa kwenye lori kuja Kanda ya Ziwa. Mnunuzi wa huku anaonyeshwa mashine ndani ya pipa, inanguruma dakika mbili, anahesabu fedha. Dakika mbili hazitoshi kuipandisha joto mashine yenye njia zilizoziba.

Kuna kikundi cha vijana kilinunua mashine ya farasi 40 kwa mtindo huo. Muuzaji sitamtaja. Wiki za mwanzo ilikwenda vizuri, wakafurahi, wakaongeza nyavu. Baadaye ikaanza kupandisha joto na kuzima katikati ya safari. Ikipoa inawaka, ikishika kasi inazima tena. Wakabadilisha plagi, wakasafisha kabureta, wakamlaumu muuza petroli. Ilipoletwa kwangu nilifungua kifuniko cha silinda, na bolti za upande mmoja zilikatika nikiwa ndio kwanza naanza kuzilegeza. Ndani, njia za maji zinazotakiwa kupitisha ncha ya kidole zilikuwa zimebakiza upenyo wa njiti ya kiberiti. Zimejaa ukoko mweupe unaoelekea kijivu. Nikiukwangua kwa bisibisi unameguka vipande, na chini yake alumini imechimbika vishimo vishimo. Themostati ilikuwa imeganda ikiwa imefunga. Silinda ya juu ilikuwa imekwaruzwa na pistoni yake kutoka juu hadi chini. Yote hayo ni kazi ya bahari, katika mashine iliyofunguliwa zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka pwani.

Wale vijana waliniuliza swali la msingi: kama tatizo ni chumvi, mbona maji baridi ya ziwa hayakuiyeyusha kwa wiki zote zile? Jibu ni kwamba chumvi iliyokaa na alumini kwa muda mrefu haibaki kuwa chumvi tupu. Inachanganyika na kutu ya alumini yenyewe, na ukoko huo hauondoki kwa kupitishiwa maji. Kusuuza ni kazi ya siku ile ile. Ikishapita miaka, kazi inakuwa ya patasi na spea mpya, na mara nyingine haiwezekani kabisa.

Niongeze jambo moja la kiufundi ambalo wauzaji hawalisemi. Mashine za baharini hufungwa vipande vya zinki ili kutu iile zinki kwanza na alumini isalimike. Katika maji baridi zinki hujivika ngozi ngumu ikaacha kufanya kazi, na kinachofaa ziwani ni magnesiamu. Mashine ya pwani ikiletwa huku na zinki yake bila kubadilishwa, inakaa majini bila mlinzi. Fundi akiifungua kabla ya kununuliwa, hilo nalo ataliona.

Sasa nije kwenye maji yetu wenyewe, ambako ndiko kuna kazi kubwa zaidi.

Nahodha wa huku anapokaribia mwalo ana haraka, na simlaumu. Samaki wanaharibika, wachuuzi wanasubiri, akina mama wa dagaa wameshatandika nyavu za kuanikia, gari la barafu limewashwa. Anaingia na mashine mpaka maji yanapofika magotini. Propela inatifua mchanga na tope, na impela haijui kuchagua, inavuta vyote. Mchanga unasaga mabawa ya mpira na kuchora mifereji kwenye ukuta wa kijumba chake. Mabawa yakipungua hata kidogo, msukumo wa maji unashuka. Mchirizi wa pembeni utaendelea kuonekana, mwembamba, na nahodha atasema mashine inatema maji, haina neno. Kumbe kule juu, kwenye silinda, maji yanafika nusu ya yanayohitajika. Tope nalo linatuama kwenye pembe za njia za maji. Mashine ikikaa siku kadhaa bila kazi, tope hilo linakauka na kushika. Nimeligongoa kwa nyundo ndogo katika mashine ambazo hazijawahi kuiona bahari.

Baada ya mvua za masika hali huwa mbaya zaidi, hasa karibu na midomo ya mito. Kila anayevua kuelekea Mto Suguti ameyaona maji yanavyobadilika rangi. Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa, mkoa mzima ulishuhudia kwamba maji baridi si lazima yawe maji masafi. Halafu kuna magugu maji, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mpaka leo hayajatuacha. Mwanzoni mwa 2025 magugu yalisumbua hata vivuko vikubwa pale Kigongo na Busisi. Ikiwa kivuko kinashindwa kupita, mashine ya farasi 15 yenye matundu ya kuvutia maji yasiyozidi upana wa vidole viwili ina nafasi gani?

Kwa hiyo ziwani pia tusuuze. Lakini sitaki kumtwisha mvuvi wa ziwa mzigo wote wa mvuvi wa bahari. Aliyetoka baharini asuuze kila safari bila kukosa. Sisi inatutosha kusuuza mara moja kwa juma, na siku yoyote ambayo mashine imepita kwenye tope, mchanga au magugu. Na kabla ya kufikiria hata mpira wa maji, ipo dawa isiyogharimu senti: nahodha azime mashine na kuinyanyua mguu akiwa bado kwenye maji ya kina, amalizie kwa pondo na kasia. Wazee wetu walifika mwaloni hivyo kabla ya mashine kuingia ziwani. Mwenye mashine inayotumika kila siku akishika desturi hiyo tu, impela yake itadumu zaidi.

Kusuuza kwenyewe hakuhitaji cheti, ila ipo namna ya kuiua mashine huku ukidhani unaitibu, na hapa ndipo ninapoomba maonyesho ya vitendo, si semina ya makaratasi. Mashine isiwashwe kavu kamwe, hata kwa kujaribu tu. Impela inalainishwa na maji inayoyasukuma. Ikizunguka bila maji inaungua kwa muda mfupi mno, na aliyeiwasha hatajua mpaka siku itakapopandisha joto katikati ya ziwa. Vikombe vya mpira vibane matundu ya maji pande zote mbili za mguu, mpira wa maji ufunguliwe kwanza, maji yaonekane yakimwagika pembeni mwa vikombe, ndipo mashine iwashwe. Iwe huru, isitiwe gia, na afadhali propela ifunguliwe kabisa, kwa sababu mwaloni kuna watoto kila mahali. Ngurumo yake iwe ya chini. Jicho libaki kwenye mchirizi. Muda ule wa dakika 10 hadi 15 usipunguzwe, maana themostati haifunguki mpaka mashine ipate joto, na kabla haijafunguka kuna njia ambazo maji ya kusuuzia hayazipiti vya kutosha. Kumalizia, mashine inazimwa kwanza, maji yanafungwa baadaye. Nimeona watu makini kabisa wakigeuza mpangilio huo, wanafunga bomba kisha wanatembea kwenda kuizima mashine, na hatua zile chache zinatosha kuila impela.

Pasipo na bomba, pipa linafaa. Maji yafike juu ya ile sahani iliyo juu ya propela, propela iwe imefunguliwa, na pipa liwe mahali pa wazi kwa sababu ya moshi. Maji ya pipa yakishakuwa na mafuta na joto yabadilishwe. Kwa mashine iliyofanya kazi ziwani si lazima maji yawe ya bomba. Yakitekwa kwenye kina, mbali na ufuko, yakaachwa yatulie usiku mzima na kumiminwa bila kutikisa tope la chini, yanatosha. Zipo pia mashine mpya zenye mdomo maalumu wa kuchomekea mpira wa maji. Nyingi za aina hiyo husuuzwa zikiwa zimezimwa, na kitabu chake kinaeleza. Shida ni kwamba vitabu vingi nilivyoviona ni vya Kiingereza na vinabaki ndani ya boksi. Halmashauri ikitufasiria ukurasa huo mmoja tu na kuubandika kwenye ofisi za BMU, itakuwa imefanya jambo.

Kuna suala jingine ambalo ni la kwetu hasa. Kwa kuogopa wezi, hakuna mwenye mashine anayelala akiiacha mwaloni. Kila jioni au alfajiri inafunguliwa kwenye boti na kubebwa begani mpaka stoo au nyumbani. Ukitazama wabebaji wanavyopanda kutoka ufukoni, utaona kichwa cha mashine kimening'inia mgongoni na mguu umeelekea juu mbele. Maji yaliyosalia kwenye mguu, pamoja na tope lake, yanateremka kwa njia ya moshi kuelekea kwenye silinda. Usiku kucha yanakaa humo. Ringi zinashika kutu, beringi za shafti zinaanza kulia, na baada ya miezi kadhaa mwenye mashine anashangaa kwa nini haina nguvu ilhali anaitunza ndani ya nyumba. Mashine iachwe kwanza imesimama wima mpaka maji yaache kuchuruzika, kamba ya kuwashia ivutwe taratibu mara chache swichi ikiwa imezimwa, na njia nzima ibebwe kichwa kikiwa juu kuliko mguu. Ikifika stoo, isimamishwe kwenye kitanda cha mbao. Kitanda cha aina hiyo seremala yeyote wa kijijini anakitengeneza kwa mbao za mabaki.

Na walau kila baada ya miezi michache mafuta ya gia yachunguzwe kwa kulegeza skrubu ya chini ya mguu. Yakitoka yana rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, sili zimechoka, na safari isimamishwe mpaka zibadilishwe. Impela ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kichwa kipya.

Ndugu Mkurugenzi, nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanagusa fedha za umma. Januari 2024, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti 55 na vizimba 222 kwa wavuvi na wafugaji wa samaki wa Ziwa Victoria, kwa mkopo usio na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023, ilirejeshwa mwaka uliofuata. Ni mambo mema na nayaunga mkono kwa moyo wote. Kwa miaka mingi kijana asiye na mtaji alikuwa na njia moja tu, kuvua kwenye mtumbwi wa tajiri kwa masharti ya tajiri. Mkopo wa namna hii unamfungulia njia ya pili.

Lakini mkopo unahesabu tarehe, hauulizi kama mashine inawaka. Mashine ikifa mwezi wa nane, rejesho la mwezi wa tisa lipo pale pale. Kikundi kinachanga kwa muda, kisha wanachama wanaanza kukwepa vikao, boti inafunikwa turubai, na vijana wanarudi kwa tajiri yule yule, safari hii wakiwa na deni. Ikifika kwenye taarifa za mikopo inaandikwa kwamba kikundi hakina nidhamu ya marejesho. Nimekaa na vijana wa namna hiyo. Nidhamu wanayo. Hawakuonyeshwa tu kwamba mashine ya milioni kadhaa inalindwa na pipa la maji na robo saa ya subira. Siku ya makabidhiano kulikuwa na hotuba, picha na vigelegele, na mashine ikiwa imepambwa kwa utepe. Hakuna aliyeifungua kofia mbele yao.

Tena si suala la fedha tu. Wavuvi wa dagaa wanakaa ziwani usiku kucha, mbali na nchi kavu, na upepo wa ziwa hili unaweza kubadilika ndani ya saa moja. Boti hizi hizi zinabeba abiria na wagonjwa kutoka visiwani kuja bara. Mashine inapozima kwa joto kule, wenye boti hawana fundi wala kivuli. Wana makasia, ikiwa waliyakumbuka. Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, hukagua vyombo vidogo na kudai maboya ya kujiokolea, nao wanafanya vizuri. Ningependa anayekagua aangalie pia kama mchirizi wa maji unatoka kwa nguvu. Ni jambo la nusu dakika.

Nina angalizo moja kuhusu mahali pa kusuuzia, na ninaliomba lizingatiwe kuliko mengine. Mashine zetu nyingi zinachanganya petroli na oili, na maji yanayotoka pamoja na moshi yana mafuta. Mwaloni ndiko akina mama wanakoteka maji, wanakokosha vyombo, wanakoosha dagaa. Huko huko watoto wanaogelea. Mahali pa kusuuzia pasiwekwe ukingoni mwa ziwa. Pawe juu, mbali na panapotekwa maji, na chini ya pipa pachimbwe shimo lijazwe kokoto na mchanga ili maji machafu yasitiririke kurudi ziwani. Kama hilo haliwezekani mahali fulani, basi ni heri mwalo huo usubiri mpaka liwezekane. Siko tayari kuokoa mashine kwa kumnywesha mtoto wa jirani oili.

Utauliza nani afanye. BMU zipo, zinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na zinajua kila mashine iliyo kwenye mwalo wake na mwenye nayo. Zipewe usimamizi wa pipa na daftari la kuandika mashine ipi imesuuzwa lini. Daftari hilo hilo litamsaidia mnunuzi siku mashine itakapouzwa. Mkoa wetu una kampasi ya wakala wa elimu ya uvuvi, FETA, pale Gabimori, Rorya, na una chuo cha VETA hapa Musoma mjini. Walimu wapo karibu kuliko tunavyodhani. Vifaa navyo ni vichache: simtanki, mpira, vikombe, fremu ya mbao ya kusimamishia mashine. Ushuru wa mazao ya uvuvi unakusanywa mwaloni kila siku. Tunaomba sehemu ndogo yake irudi pale pale ulipokusanywa ikiwa katika sura ya simtanki, na wavuvi waione.

Kuhusu mashine za mtumba, sisemi zipigwe marufuku. Mvuvi mdogo hana uwezo wa kununua mpya, na nimeona mashine za pwani zilizotunzwa vizuri zikifanya kazi miaka mingi ziwani. Nasema tu fedha ya mkopo isitoke kabla kifuniko cha themostati hakijafunguliwa na fundi kuandika alichokiona kwa saini yake. Kazi hiyo haimalizi nusu siku. Muuzaji mwaminifu hataikataa, na atakayeikataa atakuwa ametuokolea muda.

Kwenu ndugu zangu manahodha na wenye mitumbwi: msisubiri simtanki la halmashauri. Dumu mnalo, pipa la kuazima halikosekani, na ziwa lenye maji ya kina mnaliacha nyuma dakika chache kabla ya kufika mwaloni. Anzeni na kuzima mashine mapema.

Kwa upande wetu mafundi, tupo tayari kuzunguka mwalo kwa mwalo na kuonyesha kazi hii bila malipo, kuanzia Nyegina na kata jirani, kisha kwingineko kadiri tutakavyowezeshwa usafiri. Tunahitaji barua ya halmashauri kwa Watendaji wa Kata ili tupokelewe, na ratiba itakayopangwa siku za mbalamwezi, kwa sababu siku za giza wavuvi wa dagaa wako kazini usiku na wamelala mchana, na hao ndio tunaowahitaji zaidi. Vikombe na mpira wa kuonyeshea tutakuja navyo. Majibu naomba yapitie ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Nyegina.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa mashine za boti, Nyegina